Usingizi, Msongo na Masomo: Mwongozo wa Muhula wa Kwanza kwa Anayeanza Chuo Mlimani

Mwanafunzi anayefika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanza mwaka wa kwanza huwa ametoka mahali ambapo usingizi wake ulisimamiwa na watu wengine. Kwa miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, ambayo wengi huisoma katika shule za bweni, kengele ndiyo iliyomwamsha, ndiyo iliyompeleka prepo, na ndiyo iliyomrudisha bwenini taa zizimwe. Na aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria aliongezewa filimbi ya afande. Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, hakuna kengele. Leo una kipindi saa moja asubuhi, kesho cha kwanza ni saa nane mchana, katikati pana saa nyingi zisizo na mwenyewe, na hakuna mtu atakayekuuliza jana ulilala saa ngapi. Wengi hudhani kwamba uhuru huo unahusu mavazi, marafiki na matumizi ya fedha, kumbe kitu cha kwanza kuyumba ni saa ya kulala, na masomo huufuata usingizi huko unakokwenda.

Inafaa kuanza kurekebisha jambo hili katika wiki za mwanzo, si mitihani inapokaribia. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na David Creswell wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani walichapisha matokeo yaliyohusu zaidi ya wanafunzi 600 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu, waliovaa vifaa vya mkononi vinavyopima usingizi. Kila saa moja iliyopungua katika wastani wa usingizi wa usiku mapema muhulani iliambatana na upungufu wa takriban 0.07 katika GPA, yaani wastani wa alama, ya mwisho wa muhula, hata baada ya watafiti kuzingatia alama walizokuwa nazo wanafunzi hao hapo awali, na madhara yalionekana zaidi kwa waliolala chini ya saa sita. Miaka minne kabla yake, wanafunzi 88 wa somo la kemia katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walipimwa kwa njia kama hiyo, na ikaonekana kwamba usingizi wa usiku mmoja wa kuamkia jaribio haukuwa na uhusiano na alama. Uhusiano ulikuwa na usingizi wa wiki nyingi zilizotangulia, urefu wake, ubora wake na utulivu wa ratiba yake. Ni kweli kwamba mambo mawili kuambatana hakuthibitishi kuwa moja limesababisha jingine. Hata hivyo, kwa mtu anayepaswa kuamua leo alale saa ngapi, ushahidi huo unatosha kumwonyesha kwamba kulala vizuri siku moja kabla ya mtihani ni kuchelewa.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kurekebisha

Chukua daftari dogo na kwa siku saba uandike kila asubuhi saa uliyopanda kitandani, saa unayokadiria kwamba usingizi ulikuchukua, saa uliyoamka, na saa ya mwisho uliyokunywa kahawa, chai ya rangi au kinywaji cha kuongeza nguvu. Wiki hiyo usijirekebishe. Andika tu ukweli ulivyo, pamoja na Ijumaa na Jumamosi. Mwisho wa wiki jumlisha saa za usingizi ugawanye kwa saba. Pendekezo la wataalamu wa Wakfu wa Taifa wa Usingizi wa Marekani la mwaka 2015 kwa watu wa miaka 18 hadi 25 ni saa saba hadi tisa. Ukikuta wastani wako ni saa tano na nusu, tayari una kazi ya kufanya.

Daftari linahitajika kwa sababu hisia za mtu mwenyewe hazitoshi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, watu waliolala saa sita kila usiku kwa wiki mbili walifikia kiwango cha kupotewa na umakini kinacholingana na cha mtu aliyekesha usiku mzima, na katika baadhi ya vipimo kufikia cha mtu aliyekesha siku mbili mfululizo; lakini walipoulizwa, walijiona wamechoka kidogo tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema «mimi nimeshazoea, saa tano zinanitosha» huenda hadanganyi, ila hana njia ya kujua kama anasema kweli.

Hatua ya pili: weka saa ya kuamka, si saa ya kulala

Kosa la kawaida ni kuapa kwamba kuanzia kesho utalala saa nne usiku. Huwezi kuuamuru usingizi uje, lakini unaweza kujilazimisha kuamka. Chagua saa ya kuamka, moja tu, ambayo itaifaa siku yako ngumu kuliko zote kwenye ratiba, kisha iwe hiyo hiyo kwa siku saba. Kwa mfano, ukiwa na kipindi cha saa moja asubuhi mara mbili kwa wiki na unakaa bweni la karibu, saa kumi na mbili kamili inafaa. Ukikaa hosteli za Mabibo au umepanga geto, yaani chumba cha mtaani, mbali na chuo, hesabu daladala na foleni yake, nayo saa itasogea nyuma. Kutoka hapo rudi nyuma saa saba na nusu au nane ndipo upate saa ya kupanda kitandani. Mwislamu anayeamka saa kumi na moja kwa ajili ya sala ya alfajiri aanze kujiandaa kulala saa tatu na nusu, au akubali kulipa sehemu ya deni hilo kwa usingizi mfupi wa mchana, ambao nitaueleza chini.

Kijana asijilaumu akiona usingizi hauji mapema. Saa ya ndani ya mwili husogea mbele wakati wa ujana na huchelewa zaidi karibu na umri wa miaka ishirini, ndiyo maana mama yako huko nyumbani husinzia saa tatu usiku na wewe saa tano bado macho makavu. Si uvivu wala ukaidi. Kinachoirudisha saa hiyo nyuma ni mwanga wa asubuhi, na kwa hili Dar es Salaam imependelewa: jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwaka mzima, bila mabadiliko makubwa ya majira. Toka nje ndani ya nusu saa ya kuamka, utembee au unywe chai barazani kwa dakika ishirini. Anayetembea kwa miguu kutoka bwenini hadi kumbi za mihadhara za Yombo au Nkrumah anaipata dozi hiyo bila kujua.

Mwisho wa wiki ndipo ratiba nyingi hufa. Ukilala saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili na kuamka saa sita mchana, Jumapili usiku mwili hauna sababu ya kutaka kulala mapema, na Jumatatu unaianza ukiwa na deni. Jiruhusu kuchelewa kuamka kwa muda wa saa moja, usizidi hapo.

Hatua ya tatu: tengeneza mahali pa kulala kwa hali halisi ya bweni

Miongozo mingi ya usingizi imeandikwa kwa mtu mwenye chumba chake, pazia zito na kiyoyozi. Mwanafunzi wa Mlimani hana hivyo. Mabweni ya Magufuli yalipozinduliwa Aprili 2017 yaliongeza nafasi 3,840, lakini idadi ya wanafunzi bado inazidi vitanda, na desturi ya kubebana, yaani wawili kulala kitanda kimoja, haijaisha. Tuanze basi na wanaobebana, kwa kuwa hao ndio wanaosahauliwa.

Wawili wanaolala kitanda kimoja cha mtu mmoja wakubaliane mapema na kwa maneno yaliyo wazi, kabla ya kuudhiana. Wakubaliane saa ya mwisho ya kuingia kitandani, ili anayechelewa asimwamshe mwenzake kila siku. Wakubaliane nani analala upande wa ukutani. Na kama joto ni kali walale mzungu wa nne, maana vichwa viwili vikiwa upande mmoja mabega hayapati nafasi na kila mmoja anapumua hewa ya moto ya mwenzake. Mwenye kitanda asione haya kusema kwamba wiki ya mitihani anahitaji kulala peke yake siku kadhaa, na anayebebwa naye atafute mapema rafiki wa pili atakayempokea siku hizo. Mazungumzo haya ni mazito kwa siku moja tu.

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo. Katika Dar es Salaam ya Desemba hadi Machi jambo hilo ni shida ya kweli. Oga maji ya kawaida saa moja hivi kabla ya kulala, vaa nguo nyepesi ya pamba, na kama kuna feni ielekeze iingize hewa ndani ya chandarua, kwa kuwa chandarua hupunguza upepo. Usikiondoe chandarua kwa sababu ya joto. Malaria inaweza kukuondolea wiki nzima ya vipindi, na mbu mmoja masikioni usiku kucha anatosha kuharibu kipindi cha asubuhi.

Mwanga na kelele za wenzako hutazuia zote. Kanga iliyokunjwa mara tatu na kufungwa juu ya macho hufanya kazi sawa na kile kitambaa cha kufunika macho kinachouzwa ghali madukani. Vizibo vya masikio vya sponji hupatikana katika maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi, na bei yake ni ndogo. Lililobaki ni makubaliano ya chumba: baada ya saa tano usiku taa kubwa izimwe, anayesoma atumie taa ndogo au aende chumba cha kujisomea, na simu zipokelewe nje kwenye korido. Katika vyumba vingi hakuna anayepinga sharti hili. Tatizo ni kwamba hakuna anayelitamka, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Hatua ya nne: kahawa, bando la usiku na simu

Kafeini haikupi nguvu; inazuia ubongo kuhisi adenosini, kemikali inayojikusanya kadiri unavyokaa macho na kukuletea usingizi. Huchukua takriban saa tano kwa nusu yake kuondoka mwilini, hivyo kikombe cha saa kumi na moja jioni bado kimebaki nusu saa nne usiku. Kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni, muda huo unaweza kukaribia mara mbili. Katika utafiti wa mwaka 2013, miligramu 400 za kafeini zilizonywewa saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Weka mpaka: baada ya saa nane mchana hakuna kahawa wala kopo la kuongeza nguvu. Makopo hayo ni rahisi kupatikana kuliko chakula kizuri katika maduka ya jirani na mabweni, na nadhani hiyo ni sehemu ya tatizo ambayo chuo kingeweza kuishughulikia kikitaka.

Bando la usiku ni mtego wa aina yake. Kwa kuwa mitandao huuza data nyingi kwa bei ndogo kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, mwanafunzi mwenye fedha kidogo huona busara kukaa macho ili apakue mihadhara, filamu na vitabu. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa maana kinacholipwa ni saa nne za usingizi kwa kuokoa shilingi mia kadhaa. Ukilazimika kulitumia, panga upakuaji ujiendeshe wenyewe wakati simu ikiwa mbali nawe, au tumia mtandao wa maktaba mchana.

Kuhusu simu yenyewe, mwanga wake huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, lakini kwa maoni yangu mwanga si adui mkubwa kama makundi ya WhatsApp. Kundi la darasa lenye watu mia tatu halilali. Atakayeuliza saa saba usiku kama jaribio la kesho lina maswali ya kuchagua atawaamsha wote waliowasha sauti. Zima taarifa za makundi kuanzia saa tatu na nusu, na uiweke simu mahali ambapo huwezi kuifikia ukiwa umelala. Kama unaihitaji kukuamsha, ndiyo sababu nyingine ya kuiweka mbali, kwa kuwa utalazimika kusimama ili kuizima.

Hatua ya tano: panga msuli ufuate usingizi

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote, na ndipo mazoea ya sekondari yanapopinga zaidi. Wanafunzi wengi huamini kwamba aliyepiga msuli, yaani aliyejisomea kwa bidii, hadi saa tisa usiku amesoma kuliko aliyelala saa tano. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri, kisha wakapima walichokumbuka baada ya saa moja, mbili, nne na nane, mara nyingine wakiwa wamelala na mara nyingine wakiwa macho. Walipolala walikumbuka zaidi, na tofauti ilikuwa wazi hasa baada ya saa nane. Tafiti za baadaye zimeeleza kinachotokea: katika usingizi mzito, ambao hutawala nusu ya kwanza ya usiku, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, hurudia yale iliyoyapokea mchana na kuyahamishia sehemu za gamba la ubongo ambako hudumu. Usiku usiolala, kazi hiyo haifanyiki, na ulichosoma saa nane usiku kinabaki juu juu.

Kwa hiyo anza ratiba yako kwa kujaza saa za kulala, kisha vipindi, kisha mengine. Wiki ina saa 168. Ukilala saa nane kila siku zinaondoka 56, zinabaki 112. Toa vipindi na semina, foleni ya chakula, daladala, ibada, kufua na kuongea na watu, bado zinabaki saa nyingi za kusoma kuliko unavyodhani. Tatizo ni kwamba zimetawanyika mchana, vipande vya saa moja moja na mbili mbili, na ni rahisi kuzipoteza kwa kuwa moyoni umejiahidi kwamba utasoma usiku. Anayevitumia vipande hivyo ana haki ya kulala.

Namna ya kuvitumia ni hii. Ukitoka kwenye mhadhara wa saa nne asubuhi, usikimbilie kulisoma desa, yaani maelezo ya somo yaliyonakiliwa. Kaa kwenye kimbweta, yaani meza na benchi za nje za kujisomea, funga kila kitu, na kwenye karatasi tupu uandike yote unayoyakumbuka kwa dakika kumi au kumi na tano: hoja kuu, mifano, mchoro, kanuni. Halafu fungua maelezo, na kwa kalamu ya rangi nyingine ujaze ulichosahau na usahihishe ulichokosea. Kesho yake jioni rudia kwa dakika kumi, tena ukianza na karatasi tupu. Wiki inayofuata, kabla ya mhadhara wa somo hilo hilo, rudia mara ya tatu. Mara ya kwanza utajisikia mjinga, maana karatasi itabaki na nafasi nyingi nyeupe, ilhali anayesoma desa kwa mara ya nne hujisikia anaelewa kila kitu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba hisia hizo zote mbili hupotosha: baada ya dakika tano waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi kwa tofauti kubwa. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika tano.

Lipo pia suala la lugha, ambalo mwanafunzi wa Tanzania hulibeba kimya kimya. Mhadhara ni wa Kiingereza, makala za kusoma ni ndefu na Kiingereza chake ni kigumu kuliko cha kidato cha sita, hivyo kurasa kumi huchukua muda ambao mhadhiri hakuuhesabu. Usiliponye hilo kwa kukesha. Soma kwanza muhtasari na hitimisho la makala, ujue mwandishi anakokwenda, ndipo uingie katikati. Katika kundi la majadiliano, elezaneni hoja kwa Kiswahili hadi kila mmoja aielewe, kisha kila mtu aiandike kwa Kiingereza peke yake, kwa sababu mtihani utataka maandishi, na kuelewa bila mazoezi ya kuandika hakutoshi. Kundi likutane alasiri au mapema jioni, na lifunge saa tatu usiku. Majadiliano ya saa sita usiku aghalabu huwa robo masomo na robo tatu stori.

Kumbuka vilevile kwamba alama 40 kati ya 100 hupatikana kabla ya mtihani wa mwisho, kupitia majaribio, insha na kazi za semina. Ukiziandika tarehe zake zote kwenye karatasi moja ukutani tangu wiki ya pili, utaona ni wiki zipi kazi tatu zinagongana, na unaweza kuanza moja mapema.

Usingizi wa mchana una nafasi yake. Kulala dakika ishirini, wakati wowote kabla ya saa tisa alasiri, humrudishia mtu umakini bila kuharibu usiku. Ukizidi nusu saa unaingia usingizi mzito, na kuamshwa humo huleta uzito wa kichwa unaoweza kukaa muda mrefu. Weka kengele, lala hata juu ya meza, uamke.

Hatua ya sita: yashughulikie mawazo kabla hayajafika kitandani

Msongo kidogo humsaidia mtu kuamka na kufanya kazi. Unaodhuru ni ule usiokatika, unaoifanya kotisoli, homoni ya msongo, ibaki juu saa ambazo ilipaswa kuwa chini. Mtu anachoka lakini halali, na kwa kuwa hakulala, kesho yake jambo dogo linamwonekea kubwa. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza vyanzo vyake vinajulikana. Cha kwanza ni fedha. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini huja kwa mkupuo, na bumu, kama wanafunzi wanavyouita mkupuo huo, la kwanza huweza kuchelewa hadi taratibu za usajili zikamilike. Siku linapoingia, kaa chini na ugawanye kwa siku zilizobaki hadi jingine, utenge chakula kwanza, kisha nauli na nakala, kabla hujanunua simu wala kumtumia mtu yeyote. Wapo watakaokuomba nyumbani, na kukataa ni vigumu pale ambapo ukoo mzima ulichanga uende chuo. Waeleze mapema, kwa heshima, kwamba fedha hiyo ni mkopo utakaoulipa na ina kazi yake.

Cha pili ni kushuka daraja machoni pako mwenyewe. Uliyekuwa wa kwanza darasani umewekwa pamoja na mamia waliokuwa wa kwanza darasani. Jaribio la kwanza likirudi na alama 11 kati ya 20, haimaanishi umefika pasipo pako. Mpelekee mkufunzi wa semina karatasi hiyo na umwombe akuonyeshe mahali ulipopoteza alama. Wachache hufanya hivyo, na wengi wa wanaofanya hawarudii makosa yale yale.

Kila usiku, kabla ya kuzima taa, andika kwa dakika tano mambo unayopaswa kuyafanya kesho na siku chache zijazo, kwa undani: si «kusoma takwimu» bali «maswali ya 3 hadi 6 ya karatasi ya semina, saa nne, maktaba». Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Baylor la mwaka 2018, walioandika orodha ya namna hiyo walipata usingizi takriban dakika tisa mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza. Anayesali na asali baada ya hapo, akiwa ameshayatua yaliyo mikononi mwake.

Ukikaa kitandani dakika ishirini hivi bila kupata usingizi, inuka. Usiangalie saa kila mara. Keti mahali penye mwanga hafifu, usome kitu kisicho cha mtihani au uvute pumzi taratibu ukiitoa polepole kuliko ulivyoiingiza, na urudi pale tu macho yatakapokuwa mazito. Kitanda ukikitumia kusomea, kulia chakula na kuchatia, mwili husahau kwamba ni cha kulalia. Kwenye bweni lenye meza chache ni vigumu kulitimiza hili kikamilifu, lakini angalau geuza upande wa kukaa na upande wa kulalia uwe tofauti.

Hatua ya saba: wiki za mitihani

Punguza kazi mpya, usipunguze usingizi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha saa 24, kama mwenye 0.10. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi anafikia kiwango cha kwanza saa tano usiku, na akikesha hadi asubuhi anaingia chumba cha mtihani akiwa katika cha pili.

Ikitokea umebanwa kweli, lala kwanza na uamke mapema, badala ya kusoma kwanza na kulala alfajiri. Kulala saa nne usiku na kuamka saa tisa kunaulinda usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, na hukuacha na saa kadhaa za kusoma kabla ya mtihani wa saa mbili asubuhi. Katika saa hizo usifungue mada mpya. Fanya maswali ya mitihani iliyopita na urudie karatasi zako za kujipima. Baada ya mtihani lala dakika ishirini, halafu usiku ule urudi kwenye saa zako za kawaida.

Hatua ya nane: kujua lini si suala la ratiba tena

Kama umefuata haya kwa wiki tatu na bado usiku mara tatu au zaidi kwa wiki hulali, kama unakoroma na kushtuka ukikosa pumzi, au kama kwa wiki mbili mfululizo umekuwa na huzuni, umepoteza hamu ya chakula na watu, au unalala mchana kutwa ili usikutane na siku, nenda kituo cha afya cha chuo au ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Usijinunulie dawa za usingizi wala vidonge vya mafua kwa ajili ya kulala. Baadhi huleta utegemezi, na vingine huacha hali ya kusinzia inayoharibu siku inayofuata. Ukihitaji huduma kubwa zaidi, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na unaweza kuomba rufaa ukianzia chuoni.

Mawazo ya kujidhuru hayasubiri wiki mbili. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, na usikae peke yako. Na ikiwa ni mwenzako wa chumba anayezungumza hivyo, hata kwa utani, au ambaye ameanza kugawa vitu vyake na kuaga, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kaa naye, ondoa dawa na vitu vya hatari vilivyo karibu, mpigie mlezi wa bweni, na umsindikize mwenyewe hadi kituo cha afya, ukae hapo mpaka apokelewe.